Harusi Zilizopotea Kwenye Kitufe cha Ndiyo

Katika mwaka wangu wa mwisho kazini, harusi tatu zilipotea ndani ya kompyuta ya ukumbi mmoja mjini Bagamoyo. Semina haikupotea hata moja. Mikutano ya wazazi haikupotea, wala mahafali ya chekechea, wala kikao cha wauza mbao ambacho, kwa maelezo ya jirani wa ukumbi, kingepotea asingesikitika mtu. Zilipotea harusi tu. Karani alikuwa mmoja, programu ilikuwa moja, na kitufe cha kufungia kilikuwa kilekile.

Nimestaafu hivi karibuni, na ninyi vijana mliobaki ofisini mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi yetu kabla sijayasahau. Mlinipendekezea na kichwa cha habari, kirefu chenye neno "uzoefu" ndani yake, nikakikataa kwa sababu kilifanana na zile hotuba ambazo watu huzisikiliza huku wanatazama sahani za pilau. Kisa cha harusi nitakifikia. Lakini hakieleweki vizuri bila ya kujua kazi yenyewe ilikuwa ipi, na nilifunzwa na nani.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza namna ya kutoka. Unapomaliza shughuli zako kwenye programu ya kompyuta, ukabonyeza alama ya kufunga, kikatokea kidirisha kidogo katikati ya skrini kikakuuliza jambo, basi kuna mtu alikaa akafikiri kidirisha hicho kiseme nini, vitufe vyake vikae wapi, na kipi kiwe kikubwa kuliko kingine. Huku kwetu mtu huyo alikuwa mimi. Watu wengi hawajui kwamba yupo mtu. Wanadhani vidirisha vinaota vyenyewe, kama uyoga.

Mama yangu, mkulima wa Zinga, aliniuliza nilipopata kazi, "Sasa mwanangu, huko wanakufanyisha nini?"

"Nachora madirisha, Mama. Na mahali pa kutokea."

Akafurahi sana, akawatangazia majirani kwamba Saada amekuwa seremala. Nilijaribu kusahihisha, nikashindwa. Jirani mmoja aliniagiza fremu ya mlango na hakunielewa nilipomwambia kwamba milango yangu haishikiki.

Ofisi yetu ilikuwa chumba cha ghorofani mjini Bagamoyo, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Duka lilikuwa la kaka yake Bwana Naresh, na ofisi ilikuwa ya Bwana Naresh mwenyewe, mtoto wa ukoo wa wenye maduka, mzaliwa wa palepale mjini, mtu mwembamba ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha pwani kuliko changu. Tulitengeneza programu za maduka, zahanati, shule na nyumba za wageni, kuanzia mjini hadi barabara ya Dar es Salaam. Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa viatu vipya, nikategemea kuonyeshwa kompyuta.

"Shikamoo, Bwana Naresh."

"Marahaba. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Basi teremka dukani kwa kaka, ukae karibu na mlango. Tazama watu wanavyotoka. Wanaoingia waache, hao wana shida zao."

Nilikaa juu ya mfuko wa saruji asubuhi nzima. Mchana nilipanda juu, viatu vipya vimekuwa vya kijivu.

"Umeona nini?" akauliza.

"Hawatoki."

"Vipi hawatoki?"

"Wanaaga, wanafika mlangoni, wanarudi. Mmoja alisahau misumari yake mezani. Mmoja alikumbuka kuuliza bei ya rangi. Mwingine alirudi kumsalimia mtu aliyekwisha kumsalimia."

"Na kaka alifanyaje?"

"Yule wa misumari alimwita kabla hajafika mlangoni. Yule wa rangi alimjibu. Yule wa salamu alimwacha."

Bwana Naresh akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi kazi umeshaijua. Yaliyobaki ni vipimo."

Vipimo hivyo vilinichukua miaka. Tulikuwa na kompyuta moja tu ya kuchorea, na yeye aliitunza kama mgonjwa: pazia limefungwa, feni inaielekea, sisi tunatokwa jasho. Kwa hiyo tulichora kwenye karatasi za miraba. Penseli, rula, mkasi. Nilikata vidirisha vya karatasi nikavibandika juu ya karatasi kubwa iliyokuwa ndiyo skrini, kisha nikamwita mtu yeyote, muuza duka au mteja wake, abonyeze kwa kidole. Mtu anapobonyeza karatasi haoni haya kukosea. Mpeleke mbele ya kompyuta yenyewe, mtu huyohuyo anakaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti.

Vipanya vya kompyuta vya wakati huo vilikuwa na mpira tumboni, nao ulikuwa unaokota kila kitu: vumbi, nywele, chenga za visheti. Nilitumia kucha kuusafisha. Mpira ukichafuka mshale huruka, na mshale ukiruka mtu anakusudia kuhifadhi, anajikuta amefuta. Ndipo nilipojifunza kuweka kitufe cha salama mbali na kitufe cha hatari, kama ambavyo mtu mwenye akili haweki mafuta ya taa kando ya chupa ya maji. Mnaotumia vipanya vya taa mnaniona mshamba kwa kuacha nafasi kubwa hivyo kati ya vitufe. Sawa. Lakini vidole vya watu havijabadilishwa.

Mambo mengine nilifunzwa na wateja. Pale Mapinga kulikuwa na ofisi ya kuuza viwanja, na katibu wake alikuwa binti mcheshi aliyelalamika kwamba kazi zake hupotea. Nilikaa nyuma yake. Kila kidirisha kilipotokea, alibonyeza "Sawa" kabla hakijamaliza kutokea.

"Kilisema nini hicho?" nikamuuliza.

"Sijui, dada. Nilikikubalia tu."

"Unakikubalia kitu usichokijua?"

"Kimekuja kwa adabu, kiko katikati, kinangoja. Ningekifanyaje?"

Tangu siku hiyo niliacha kuandika "Sawa" kwenye kidirisha chochote chenye madhara. Kitufe kiseme kitendo chenyewe: "Hifadhi," "Chapisha," "Toka." Na kidirisha kisitokee kama hakina la maana, kwa sababu kidirisha kinachokuja ovyo huwazoesha watu kukipungia mkono kipite.

Msata nako tulikuwa na ofisi ya vifurushi, kando ya njia panda, malori yanapita mchana kutwa. Karani wake alisema programu inakufa kila anapotaka kuifunga, haisogei, haijibu. Akawa anachomoa waya ukutani. Nilisafiri hadi huko nikakuta programu ni nzima kabisa. Kidirisha cha kuaga kilikuwa kimetokea nyuma ya dirisha kubwa, kimefichika, kinangoja jibu kwa subira, na hakuna aliyekiona. Ilikuwa kama mgeni anayebisha hodi mlango wa uani huku wenyeji wote wako barazani. Nilirekebisha, kidirisha kikawa kinakuja mbele daima. Yule karani alikuwa amekwisha kuuzoea waya wake, akaendelea kuuchomoa kwa muda.

Bwana Naresh alistaafu kabla yangu, akahamia Dar es Salaam kwa binti yake. Alibaki kuwa mtu wa kupigiwa simu. Skrini zikawa bapa, ofisi ikapata kiyoyozi, na ninyi mkaanza kuajiriwa, mkaniambia kwa upole kwamba siku hizi watu hawafungi programu, wanaiacha tu wanakwenda zao. Labda. Lakini programu zetu za zamani bado zinafanya kazi kwenye meza nyingi za pwani hii, na mojawapo ilikuwa ile ya ukumbi.

Mwenye ukumbi ni mzee ninayemwita hapa Bwana Shomari. Ni mtu wa watu, mkarimu, mwenye sauti inayosikika hadi barabarani bila kipaza sauti. Alinipigia simu asubuhi moja.

"Bi Saada, programu yenu inakula harusi."

"Inakula vipi, Mzee?"

"Inakula. Inameza! Jumamosi nimepokea mabibi harusi wawili mlangoni kwangu. Mmoja kwa gari la maua, mwingine kwa bajaji ya maua. Wote wana kadi, wote ukumbi wangu, wote saa moja. Wa kwanza hakuonekana kwenye kompyuta, siku yake ikapewa wa pili."

"Ukafanyaje?"

"Mmoja ndani, mwingine uani chini ya turubai. Wageni wamekula pilau mpaka leo hawajui ilikuwa ya nani. Na si mara ya kwanza. Mbili za mwanzo niliziwahi, hii imenishinda. Nimeshamwambia karani wangu Mwanaisha, mwisho wa mwezi tuagane. Ama mbovu ni programu, ama mbovu ni yeye. Programu siwezi kuifukuza."

Mwanaisha nilikuwa namfahamu. Alianza kazi pale ukumbi haujaezekwa, na kwa kazi hiyo alikuwa anawasomesha wadogo zake wawili. Ni mwangalifu; hata shanga za ushungi wake zimepangwa. Sikuamini kwamba anasahau harusi. Sikuamini pia kwamba programu inachagua. Nikachukua mkoba wangu nikaenda.

Mtakikumbuka kidirisha chenyewe, maana kilikuwamo katika programu zetu zote za zamani na kilikuwapo kabla sijaajiriwa. Ukimaliza kuandika shughuli, ukafunga, kilikuwa kinauliza: "Je, ungependa kufunga bila kuhifadhi?" Chini yake vitufe viwili vikubwa, Ndiyo na Hapana. Ukibonyeza Ndiyo, ulichoandika kinatupwa. Ukibonyeza Hapana, kinahifadhiwa. Kilikuwa kimeandikwa kinyumenyume, na hakuna aliyelalamika, kwa hiyo kiliendelea kuishi.

"Nionyeshe unavyofunga," nilimwambia Mwanaisha.

Akaandika shughuli ya kubuni, akafunga, kidirisha kikaja, akabonyeza Hapana bila kusita. Shughuli ikahifadhiwa.

"Ndivyo unavyofanya siku zote?"

"Siku zote, Bi Saada. Kwani nina wazimu?"

Nikaomba kiti cha pembeni nikakaa na gazeti. Mtu akisoma gazeti pembeni husahaulika upesi kuliko feni. Alikuja bwana mmoja wa semina, akaandikiwa siku, Mwanaisha akabonyeza Hapana, bwana akaondoka. Akaja mwalimu wa chekechea, vivyo hivyo. Nikamuuliza Mwanaisha ni shughuli gani zilizowahi kupotea, ndipo akaniambia ni harusi peke yake, na akaniambia kwa sauti ya chini kana kwamba yeye mwenyewe hapendi kulisikia. Nikakunja gazeti.

"Harusi inaletwa lini tena?"

"Keshokutwa kuna familia inakuja."

Siku hiyo nilirudi na gazeti lilelile. Familia ikaja: mama wa bibi harusi, shangazi, na bibi mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Baada ya salamu, na baada ya kuulizana hali za watu wa nyumbani hadi wale wa safarini, Mwanaisha akageuza skrini iwaelekee. Ni desturi ya pale: familia huhakiki majina ya maharusi, maana hakuna aibu kubwa kama jina la bwana harusi kukosewa kwenye ubao wa mlangoni. Majina yakasomwa, yakasifiwa. Mwanaisha akafunga. Kidirisha kikatokea, kinawatazama wageni uso kwa uso.

Mshale ukaanza kusogea. Bibi akainua miwani, akasoma kwa silabi.

"Ha-pa-na. Hapana nini?"

"Ni kitufe tu, Bibi."

"Najua ni kitufe. Hapana nini, siku ya kheri kama hii? Mbele ya mama mtu?"

"Inauliza tu, Bibi, kama..."

"Ikiulizwa kheri, hujibiwa kheri. Ondoa mkono hapo, mwanangu. Bonyeza hicho kingine."

Mwanaisha akabonyeza Ndiyo. Shangazi akapiga kigelegele. Na harusi, kwa kigelegele hichohicho, ikatoweka kwenye kompyuta.

Wageni hawakuona kitu, kwa sababu walikuwa wamekwisha kusimama. Walianza kuaga. Waliaga mezani, wakaaga mlangoni, wakaaga kwenye ngazi, wakakumbuka kuuliza habari za vyombo, wakaaga getini. Mwanaisha aliwasindikiza hatua zote, kama inavyopasa. Aliporudi simu ilikuwa inalia, akaipokea. Kisha muuza barafu akaja kuuliza njia. Nikangoja mpaka muuza barafu akaondoka.

"Mwanaisha, ile harusi?"

"Ipi?" Akashika kinywa. "Lo! Ngoja." Akakaa, akaiandika upya yote, akafunga, akabonyeza Hapana akiwa peke yake. "Huwa nazirudishia, Bi Saada. Wakishatoka tu, nazirudishia."

"Zote?"

"Nilidhani zote," akasema.

Nilimweleza Bwana Shomari nilichokiona. Nilieleza kwa mpangilio, kama ripoti: nani alisema nini, kitufe gani, kigelegele kiliingia wapi. Alicheka mpaka akajifuta macho na kofia yake.

"Nuksi kwenye kompyuta? Bi Saada, mimi nimehiji. Hizo ni itikadi za akina bibi. Kitufe ni kitufe. Mtu mzima aliyeajiriwa anabonyeza kinachotakiwa, hata akisimamiwa na ukoo mzima."

"Nitakubadilishia kidirisha, Mzee. Shida itakwisha."

"Badilisha. Lakini mwisho wa mwezi uko palepale."

Ofisini mnakumbuka tulivyohangaika na maneno. Tulijaribu "Hifadhi" na "Tupa". Mmoja wenu akauliza nani atatupa harusi mbele ya wakwe. Tukajaribu "Futa." Tukajaribu "Ghairi," tukaifuta wenyewe kabla hatujamaliza kuisoma. "Acha" sikuiruhusu hata kuandikwa ubaoni. Huko ni kumpa karani talaka aitoe kwa niaba ya bwana harusi. Kila neno la kutohifadhi, ukiliweka mbele ya mama wa bibi harusi, ni tusi. Nikampigia Bwana Naresh. Alisikiliza, nikasikia anakunywa chai.

"Saada, mteja akisahau chenji mezani, kaka yangu alikuwa anamuuliza, 'Je, ungependa kwenda bila chenji yako?'"

"La. Alikuwa anamwekea mkononi."

"Basi kwa nini unanipigia simu?"

Tukaondoa swali lote. Programu mpya ilihifadhi kila kitu mtu anapoandika, akifunga, inafunga. Anayetaka kuondoa shughuli aende mwenyewe akatafute mahali pa kuiondolea, ndani, akiwa hana wageni. Ilikuwa kazi ndogo, na nadhani ndiyo nzuri kuliko zote nilizofanya, ingawa ukiitazama huoni kitu. Nikaiweka kwenye flashi. Jumatatu nilikwenda nayo ukumbini. Mwenyewe hakuwapo, na Mwanaisha hakuthubutu kuniruhusu niguse kompyuta bila yeye. Alhamisi nikarudi.

Nilimkuta Bwana Shomari amevaa kanzu mpya, ananukia udi, anapanga viti kwa mikono yake. Binti yake alikuwa amechumbiwa, na wakwe walikuwa njiani kuja kuutazama ukumbi na kuandikiwa siku.

"Shikamoo, Mzee. Nimeleta programu."

"Marahaba, marahaba. Baadaye, Bi Saada."

"Ni kazi ya muda mfupi tu, naiweka kabla hawajafika."

"Usiniharibie mashine wakwe wako mlangoni. Wakwe kwanza."

Nikaenda kwenye kiti changu cha pembeni, flashi mkobani. Sikuwa na gazeti siku hiyo.

Wakaja: bibi wa bwana harusi, mtu mzima sana aliyeshikwa mkono, na wajomba wawili. Salamu zilikwenda vizuri. Ukumbi ukasifiwa, hata dari. Mwanaisha akaandika majina, akageuza skrini, mjomba mmoja akayasoma kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo msikitini, na Bwana Shomari akasimama nyuma ya kiti cha Mwanaisha, mkono juu ya mgongo wa kiti, anatabasamu. Mwanaisha akafunga. Kidirisha kikatokea.

Mshale ulisogea polepole kuelekea Hapana. Kabla haujafika, Mwanaisha aligeuka akamtazama bosi wake.

"Nibonyeze, Mzee?"

"Bonyeza, bonyeza."

"Anabonyeza wapi huyo binti?" akauliza bibi, ambaye hakujua kusoma lakini hakupitwa na jambo.

"Kwenye hapana, Mama," akasema mjomba.

"Hapana? Sisi tumekuja na kheri tunajibiwa hapana?"

Sauti ya Bwana Shomari ilisikika mpaka barabarani.

"Mwanaisha! Si hapo! Ndiyo, mwanangu, bonyeza ndiyo!"

Mwanaisha akabonyeza Ndiyo.

Safari hii hakuna aliyekuwa amesimama. Wote walikuwa wanaitazama skrini. Jumamosi waliyoichagua, iliyokuwa na majina mawili yaliyoandikwa vizuri, ikawa nyeupe.

"Majina yamekwenda wapi?" mjomba akauliza.

Bibi aliomba aelezwe, akaelezwa sikioni.

"Jumamosi hiyo imejikataa yenyewe," akasema.

"Ah, Mama, ni mashine tu," akasema Bwana Shomari. "Anayaandika tena sasa hivi."

"Kama ni mashine tu, baba, ulipigia nini kelele?"

Wakasema watakwenda kushauriana, watatafuta siku nyingine yenye baraka, wataileta. Waliaga mara moja tu wakaondoka, jambo ambalo huku kwetu ni habari.

Bwana Shomari alikaa kwenye kiti cha wageni. Nilitoa flashi nikaweka programu mpya, Mwanaisha akaijaribu: akaandika, akafunga, dirisha likafunga kimya. Akafungua tena, maandishi yako palepale.

"Haiulizi?" Bwana Shomari akasema.

"Haiulizi, Mzee."

"Kwa nini haikuwa hivi mapema?"

"Niliileta Jumatatu, hukuwapo. Na leo ulisema wakwe kwanza."

Akatazama dari yake iliyosifiwa. Mwanaisha alizungusha skrini ikamwelekea yeye mwenyewe, akapangapanga vitu mezani ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangika, kisha akauliza lile alilokuwa nalo moyoni tangu mwanzo wa mwezi.

"Mzee, na lile shauri la mwisho wa mwezi?"

"Hilo tutaliongea baada ya harusi."

"Harusi ya lini, Mzee?"

Bwana Shomari akasimama, akavaa kofia yake, akasema anawahi sala.

Wiki hiyohiyo mkaniandalia chai ya kuniaga. Mwezi ule umekwisha, na mwingine umeingia. Mwanaisha bado anafungua ukumbi kila asubuhi, kwa kuwa hajaambiwa aende, wala hajaambiwa abaki. Harusi nyingine zinaandikwa na zinakaa. Watu wa semina wameiulizia Jumamosi ile, naye hajui awape au awanyime. Jana nilimpigia simu kumuuliza kama wakwe wameleta tarehe. Hawajaleta.